Mtu wa kawaida katika riwaya zetu: anajengwaje hadi apumue?

#1 KalamuMwanzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam zenu.

Naanzisha uzi huu kwa ajili ya wanaoandika riwaya na hadithi fupi, na kwa wanaozisoma kwa jicho kali. Mtu wa kawaida ametajwa katika fasihi yetu kuliko alivyoandikwa. Muswada unamleta ukurasa wa kwanza ana njaa, ukurasa wa hamsini ana njaa, ukurasa wa mwisho anazikwa. Hapo katikati msomaji hajaambiwa mtu huyu hufanya kazi gani, hulipwa kwa siku au kwa mwezi, anadaiwa na nani, na ile sufuria kaipata wapi.

Tuanze na majina, maana jina unalompa ndilo linaloamua kitabu. Ukimwita mvujajasho au kabwela, umeshaingia kwenye lugha ya Azimio la Arusha la 1967: mtu wako ni wa tabaka, na adui yake anajulikana, ni bepari, mnyonyaji, kupe. Ukimwita mlalahoi, hakuna adui ndani ya neno hilo, kuna uchovu tu wa mtu anayefika kitandani hoi. Mwananchi ni neno la uraia; ana nchi, ana kura, ana haki ya kulalamika. Hohehahe amebaki peke yake, hana wa kumshika mkono. Hawa ni watu wanne tofauti. Mwandishi anayeyachanganya majina haya katika sura moja bado hajamchagua mtu wake.

Kwa ufupi wa historia: Utenzi wa Tambuka wa 1728 ni wa Mtume, wafalme na mashujaa wa vita. Al-Inkishafi inalilia majumba ya mabwana wa Pate, lakini aliyekuwa akiyafagia hatumsikii akisema. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) ndiye husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Katika nathari, James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Waliotekwa na kuuzwa wamo, ila masimulizi yanawaelekea zaidi wakombozi Waingereza kuliko waliokombolewa. Shaaban Robert naye aliwaita watu wake kwa majina ya tabia: Adili, Utubora. Utubora anaacha kazi mjini na kwenda kulima Busutamu, na jembe lake ni hoja ya maadili kabla ya kuwa jembe. Sisemi hivyo kumpunguza. Ndivyo chombo chake kilivyofanya kazi, na kilifanya vizuri. Lakini ukikiiga leo unapata mahubiri.

Mabadiliko makubwa naona yalikuja miaka ya 1970. Hapo mtu wa chini akapata zana mkononi, na riwaya ikaanza kumfuata hadi kazini.

Kipimo ninachokitumia kwa mhusika wa aina hii kina maswali manne. Kazi yake inafanywaje, hatua kwa hatua? Hesabu ya siku yake ikoje, kilichoingia na kilichotoka? Saa zake ni zipi? Na nani ana haki ya kumdai kitu, iwe fedha, salamu, au kuhudhuria msiba? Mswada ukishindwa mawili kati ya haya manne, mtu huyo bado ni bango.

Karibuni. Naomba tutaje kurasa na kazi, tusitupiane nadharia.

---

#2 MwanaMalindi

Assalaam aleikum. Mzee Kalamu umegusa penyewe.

Kwa upande wa kazi, mfano wa kwanza lazima uwe Kuli ya Adam Shafi, 1979. Rashidi ni mtoto wa kuli, na mwenyewe anaingia ukuli. Faraji anamfungua macho, na kitabu kinaelekea kwenye mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948, ambao ni tukio la kweli. Watu wengi husema nguvu ya riwaya hii ni siasa yake. Mimi nasema siasa isingesimama bila kazi. Kuli analipwa kwa siku aliyoitwa. Asipoitwa, hana siku. Hapo ndipo mgomo unapopata uzito: kumwambia mtu wa namna hii asiende kazini ni kumwambia nyumbani kwake kusipikwe, na anajua hivyo kabla hajanyoosha mkono kukubali.

Kwa anayetaka kuandika bandari ya zamani, haya ndiyo mambo yanayokosewa. Meli kubwa ilitia nanga nje, na mzigo ukateremshwa kwenye matishali, yaani mashua za kupakulia, ndipo ukaletwa nchi kavu. Kwa hiyo kuna kazi tatu zenye hatari tofauti: walio ndani ya ngama, tumboni mwa meli, walio kwenye tishali linaloyumba, na walio gatini wanaobeba mpaka ghalani. Mwandishi asiyejua huwaweka wote gatini wakibeba magunia kwa safu, kama picha ya ukutani. Wa ngamani hofu yake iko juu, kwa sababu mzigo unapita kichwani pake ukining'inia kwenye winchi. Wa tishalini hofu yake ni miguu. Wa gatini ni mgongo na jua. Hofu zikitofautiana, na mazungumzo yao wakati wa chai yatatofautiana.

Halafu kuna Kijakazi, wa Kasri ya Mwinyi Fuad, 1978, ya mwandishi huyohuyo. Jina lenyewe ni cheo chake. Wasomaji wengi humkasirikia kwa sababu anamtii bwana wake hata pale wenzake wameshaanza kunong'ona. Hasira hiyo ndiyo ushahidi kwamba ameandikwa vizuri. Mtu aliyezaliwa ndani ya utumwa wa nyumba moja haamki siku moja akiwa na fikra sahihi. Mwandishi mchanga angempa hotuba ukurasa wa ishirini.

Na karafuu. Nasoma hadithi za Pemba ambamo watu "wanavuna karafuu" na sura inaisha. Karafuu inachumwa kabla ua halijafunguka, tumba lake linapoanza kugeuka rangi kutoka kijani kuelekea wekundu. Mchumaji hulipwa kwa kipimo, na zamani kipimo chenyewe kilikuwa pishi. Jioni mzigo unakuja nyumbani na kazi inaanza upya: kuchambua, kutenganisha karafuu na vikonyo, usiku, familia nzima pamoja na watoto. Ukizirundika mbichi bila kuzichambua zinapata joto na kuharibika rangi. Kesho yake zinaanikwa kwenye majamvi, siku tatu, nne, tano kwa kadiri ya jua, na kila wingu linapotanda mtu anakimbia kukunja jamvi. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Sasa tazama mwandishi alichopewa bure: usiku ambao watu wote wa nyumba wamekaa duara, mikono ina kazi na midomo iko wazi. Siri za ukoo hutoka hapo. Posa hutajwa hapo. Na ugomvi ukizuka hakuna anayeweza kuondoka, kwa sababu karafuu hazingoji.

---

#3 NangaYaZiwa

Naomba niongeze kitabu kinachosahaulika kila mada hii inapofunguliwa: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikiandika kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945. Hakikupata mchapishaji. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Kisa chake ni hiki: mume na mke hawajapata mtoto, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, mume anataka kumrudisha. Basi. Hakuna mfalme, hakuna vita, hakuna mkoloni anayeingia na bunduki. Mume anadaiwa pombe ya ndizi na wakweze, na kurasa nyingi zinakwenda kwenye kuitafuta pombe hiyo.

Hapa ndipo waandishi wetu wanapaswa kukaa na kalamu. Pombe ya ndizi haitengenezwi na mtu mmoja. Kwanza ndizi zikatwe zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi, kisha zifukiwe shimoni lenye joto, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, kwa siku kadhaa hadi zilainike. Ukizitoa mapema, zina utomvu na hazitoi maji. Ukichelewa, zinavunda. Kisha zimenywe, zikandwe na kukamuliwa pamoja na nyasi maalumu zinazoshika makapi na kuachia togwa. Zitiwe maji kwa kiasi; maji yakizidi pombe haina nguvu na mkwe ataonja na kunyamaza, na kunyamaza kwake ni tusi. Kisha mtama ukaangwe, usagwe, utiwe ndani, chombo kifunikwe siku moja hadi mbili. Baada ya hapo kuna kuibeba, na pombe iliyokwisha kuiva haingoji wiki ijayo.

Hesabu watu: mwenye migomba ya kuongezea, wakamuaji, mwanamke wa kukaanga mtama, wachukuzi. Huyu mume ambaye mkewe ameondoka ameachwa bila nusu ya mikono hiyo. Lazima aombe. Kila anayemwomba anajua kwa nini anaomba. Aibu ya mtu huyu haikuelezwa kwa maneno ya aibu. Imo ndani ya hatua za pombe.

Mtu akiniuliza riwaya gani ya Kiswahili imempa mtu wa kawaida heshima kuliko zote, jibu langu ni hiyo, na sitafuti ya pili.

---

#4 UpawaWaTatu

Nakubaliana na #3 kwa sehemu kubwa, ila naweka tahadhari. Kuna waandishi wakisikia "toa maelezo ya kazi" wanatuletea orodha ya makumbusho: kinu, mchi, ungo, kawa, kipekecho. Vitu vimepangwa, hakuna anayevitumia. Kanuni ninayoishika ni kwamba kila kitu kinachotajwa kiwe kimemgharimu mtu kitu, au kitamgharimu.

Nitaonyesha kwa mama ntilie, kwa sababu ndiye mhusika anayechoshwa zaidi katika hadithi za mjini.

Namna mbovu: "Mama Zawadi alikuwa mwanamke maskini aliyehangaika usiku na mchana kuuza chakula ili awalishe wanawe." Sentensi hiyo unaweza kuihamisha kwa mwanamke yeyote, mji wowote, mwaka wowote.

Namna ya kuanza: kaa na karatasi, umpigie hesabu kabla hujamwandika. Tarakimu hizi ni za mfano tu, badilisha kulingana na mji na mwaka wa hadithi yako. Anapika mchele kilo tano. Kilo moja hutoa sahani sita hadi nane kutegemea mkono wa mpakuaji, kwa hiyo tuseme sahani 32. Anauza sahani shilingi 2,000. Akimaliza zote ni 64,000. Matumizi: mchele 15,000, maharage 7,000, mafuta 6,000, mkaa 5,000, nyanya na vitunguu 4,000, mboga 2,000, maji 1,000, ushuru 1,000, binti anayemsaidia 8,000. Jumla 49,000. Kimebaki 15,000.

Sasa mafundi sita wa jengo la jirani wanakula kwa mkopo hadi Jumamosi. Sahani sita ni 12,000. Akishatenga mtaji uleule wa 49,000 wa kesho alfajiri, mkononi amebaki na 3,000 tu, na nyumbani kwake bado hawajala.

Hapo huhitaji tena neno "maskini". Una hadithi. Akiwanyima mkopo, mafundi wanahamia kwa mwenzake wa upande wa pili, na hao ndio wateja wa kila siku. Akiwapa, nyumbani watakula mtaji, na kesho anapika kilo tatu. Akipika kilo tatu, chakula kinaisha saa saba na wateja wa saa nane hawarudi tena. Msimamizi wa jengo asipowalipa mafundi Jumamosi, pigo linamfika mwanamke ambaye hajawahi kuingia kwenye jengo hilo. Uhusiano wa matabaka umeuonyesha kwa sahani sita za wali, wala hakuna aliyehutubia.

Kingine ni upawa. Mama ntilie mzoefu hapunguzi kwa kila mtu sawasawa. Kuli anapakuliwa kwa kurundika, karani anapakuliwa kwa kutandaza, na bei ni moja. Anajua nani atarudi kuomba ukoko na nani ataona haya. Mwandishi akinionyesha mkono huo nitamwamini kwa mengine yote.

Na mvua. Mvua ya saa nne asubuhi humkuta ameshapika. Mvua ya saa kumi na moja alfajiri humkuta bado hajawasha moto, na anaweza kuamua. Hizo ni mvua mbili tofauti kabisa, na hadithi nyingi zinasema tu "mvua ilinyesha".

---

#5 MwandaniLikoni

Hamjambo ndugu zangu. Kutoka upande wa Kenya, ningependa tutenganishe mhusika na ishara, kwa sababu naona kama vinachanganywa.

Sisi tuna Wanjiku. Lilikuwa jina la kawaida la mwanamke wa Kikuyu, hadi Rais Moi alipouliza, wakati wa mjadala wa marekebisho ya katiba miaka ya 1990, kama Wanjiku anaelewa katiba ni nini. Aliuliza kuonyesha kwamba mambo hayo si ya watu wa kawaida. Jina likageuzwa. Wanaharakati wakalichukua, mchora katuni Gado akampa Wanjiku sura na mdomo, na leo "Wanjiku anasemaje" inamaanisha mwananchi anasemaje. Ni mfano adimu wa neno la dharau kugeuka cheo.

Lakini Wanjiku wa katuni hana hesabu ya mkaa, na haihitaji. Ishara hufanya kazi kinyume cha mhusika wa riwaya. Katuni inatazamwa kwa sekunde chache gazetini, kwa hivyo lazima umtambue mara moja: kitambaa cha kichwani, umbo lilelile, sura isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Ukimwongezea maelezo unamharibu, maana kila elezo linamwondoa msomaji mmoja anayesema "huyu si mimi". Kwa Tanzania, Chakubanga wa gazeti la Uhuru alisimama kwa namna hiyo.

Riwaya inataka kinyume. Kadiri maelezo yanavyokuwa ya mtu mmoja, ndivyo msomaji wa mbali anavyomkaribia. Kosa linaloua miswada ni kuchukua mbinu ya katuni na kuipa kurasa mia mbili. Kipimo chepesi: ondoa jina la mhusika wako uweke "mwananchi" kila mahali. Kama hadithi haikuyumba hata kidogo, uliandika katuni ndefu.

---

#6 Chipukizi_Mtunzi

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza kuhusu mazungumzo. Mhusika wangu ni mchukuzi wa mkokoteni, hakusoma. Nikimwandikia Kiswahili sanifu anasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikimwandikia Kiswahili kibovu naona kama namdharau. Nifanyeje?

---

#7 KisutuNaKanga

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo linalowashinda hata waliochapishwa.

Kosa la kwanza ni kudhani asiyesoma hana ufasaha. Mchukuzi ana lugha mahali ambapo wewe huna: kuomba njia, kupatana bei, kumkata mtu maneno bila kumtukana, kumsifia mteja mpaka aongeze. Mpe ufasaha huko. Mpunguzie pale anapoingia mahali si pake, mfano kituo cha polisi au benki. Mtu yuleyule aliyekuwa bingwa wa maneno sokoni anakuwa na majibu ya neno moja mbele ya meza. Msomaji ataona mabadiliko hayo bila wewe kuharibu sarufi yake hata mara moja.

La pili, lafudhi tia kama chumvi. Chagua alama mbili au tatu na uzishike kitabu kizima. Mzanzibari atasema "yakhe", atafupisha "n'nakwenda". Ukiandika kila neno kama linavyotamkwa, msomaji anaanza kusoma tahajia badala ya kumsikia mtu.

La tatu, namna ya kuitana. Nani anaamkia kwanza, nani anasema marahaba, nani anaitwa kaka, nani mjomba, nani shemeji ingawa hakuna undugu. Mchukuzi wa miaka hamsini anayemwita kijana mwenye duka "bosi" ameshakueleza mambo mengi. Siku akimwita "mwanangu", kuna kitu kimevunjika.

Na majina. Mama Zawadi wa ndugu yangu #4 ana jina lake mwenyewe, ambalo huenda mtaani hakuna anayelijua. Litunze. Litoke siku anapoulizwa "jina kamili?" ofisini, au siku ya kusomwa talaka, au hospitali. Mwandishi anayelitaja ukurasa wa kwanza amepoteza hazina.

Niongeze kuhusu nyimbo, maana mada si ya riwaya peke yake. Kabla ya Siti binti Saad, taarabu ya Unguja ilikuwa ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti alitoka Fumba, katika familia ya wafinyanzi, akiuza vyungu. Aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda kurekodi Bombay. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, kitabu kizima kwa ajili ya binti wa mfinyanzi. Wapinzani wake walimsimanga kwamba alikuja mjini na kaniki. Vijana wengi siku hizi hawajui uchungu wa neno hilo. Kaniki ni kitambaa cha rangi ya giza kilichovaliwa na watumwa na watu wa chini, na katika enzi ya utumwa mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya mabwana. Kwa hiyo nguo ilikuwa hati ya kuzaliwa. Ukiandika Unguja ya wakati huo, usiseme "alivaa kanga nzuri". Sema alivaa nini kabla, alianza lini kuvaa kanga, na nani aliona.

Wimbo wake Kijiti ni darasa la kumweka mtu wa kawaida katika sanaa. Ni kisa cha kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam anatoka kwenda ngomani, anauawa, muuaji anavuka bahari anatoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio wanaopewa adhabu kwa sababu ya pombe waliyokuwa nayo. Hakuna beti la kulaani serikali. Kuna majina, mahali, kilichobebwa, nani alisema nini mbele ya hakimu. Hukumu anaitoa msikilizaji.

---

#8 KalamuMwanzi

Bi Kisutu, hilo la jina kamili nimelinakili. Asante sana.

Nigusie miisho, kwa kifupi. Riwaya za miaka ya 1970 zilizoea kumaliza kwa kifo: Rosa wa Rosa Mistika anajiua, Kazimoto wa Kichwamaji anajiua, Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo anahukumiwa kunyongwa. Kwa Kezilahabi, mwandishi wa zote tatu, vifo hivyo vina falsafa nyuma yake na vimeandaliwa tangu mwanzo. Kwa waigaji vimekuwa njia ya kutoka. Mwandishi hajui amfanye nini mtu wake kesho, basi anamzika.

---

#9 MwandaniLikoni

Marekebisho madogo kwa #8: Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu. Shida yake kubwa ni kwamba hawezi tena kurudi kuwa mtu wa kawaida kwao. Ningemweka fungu lingine.

---

#10 KalamuMwanzi

Kweli kabisa, naondoa Kazimoto kwenye orodha. Rosa abaki: binti wa Regina na Zakaria, nyumba ya kijijini, baba mlevi. Huyo ni wa kwetu.

Na kuhusu mwisho, ninachopendekeza ni kumaliza kwenye hesabu ya kesho. Mama ntilie ana 3,000 na usiku umeingia. Anagonga mlango wa nani? Akishagonga, funga kitabu.

---

#11 Chipukizi_Mtunzi

Nashukuru sana wote. Swali la mwisho: kabla ya kumwandika huyu wa mkokoteni, nikaangalie nini hasa, na kwa muda gani?

---

#12 MwanaMalindi

Mdogo wangu, siku tatu zinatosha kwa kuanzia, lakini zisiwe za kufuatana. Moja iwe siku ya soko kubwa, moja iwe ya katikati ya wiki, moja iwe ya mvua. Nenda kabla ya alfajiri, kwa sababu mgawanyo wa kazi hufanyika mapema na ukichelewa utakuta kila kitu kimeshaamuliwa.

Uliza kwanza mkokoteni ni wa nani. Mara nyingi hausukumwi na mwenyewe, umekodiwa kwa siku, na kodi hulipwa kazi ipo au haipo. Hilo litabadilisha hesabu yako yote: anaianza siku akiwa na deni.

Tazama mzigo unavyopangwa. Mizigo mizito huwekwa juu ya ekseli. Ikielemea nyuma mkokoteni unainuka mbele na kumnyanyua msukumaji, ikielemea mbele inamvunja mikono. Mifuko kumi ya saruji ya kilo 50 ni nusu tani. Kwenye mteremko hatari ni kubwa kuliko mlimani: mlimani mzigo unakataa kwenda, mteremkoni unakusukuma wewe. Angalia anazuia kwa nini, maana wengi hufunga kipande cha tairi nyuma na kukikandamiza barabarani. Angalia viatu vyake, kisigino kipi kimelika.

Sikiliza anavyoomba njia, na nani anayempisha na nani asiyempisha.

Kisha mfuate hadi mwisho wa safari, kwa sababu mkokoteni hausongi hadi stoo. Kutoka mlangoni ni kichwa na bega. Hapo atavaa ngata. Tazama imetengenezwa kwa nini, kama ni gunia, kanga kuukuu au majani ya mgomba, nani aliikunja, na mzigo ukishatuliwa anaiweka wapi.